Pipa la Fundi Obadia

"Pisha moshi, ubaki na moto." Mmeisikia leo kikaoni, mwenyekiti alipomwacha yule mama mwenye hasira aseme mpaka akaishiwa maneno, kisha akamshukuru. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogezeni hivyo viazi tumenye huku nawaeleza. Watu hudhani kila methali ilitungwa na mwenye hekima aliyekaa akafikiri. Hii ilianzia kwa mtu mbishi na pipa bovu la mafuta.

Mtu huyo aliitwa Obadia Sanga, fundi seremala wa huku kwetu milimani, ambako ikifika Juni sakitu, ule umande ulioganda, huunguza viazi shambani. Mikono yake ilijua kazi. Masikio yake ndiyo yalikuwa mapambo tu. Karakanani mwake walikuwamo wawili: Nehemia, mtu wa randa, na Eliva, mama wa makamo aliyeunganisha mbao kwa gundi. Mmoja wao akifungua kinywa kushauri, Obadia alimkatiza: "Fundi hapa ni nani?" Nao walishazoea kunyamaza.

Mwaka huo alipewa kazi ya milango mikubwa ya kanisa jipya. Hakuwahi kupata heshima kama hiyo. Lakini baridi iliwahi kuingia, na gundi ya mbao haipatani na baridi. Jioni Eliva aliunganisha mbao na kukaza vibano. Asubuhi alikuta gundi imekuwa unga mweupe, mbao zimeachana. Mchungaji alipoona hayo, akasema kwa upole kwamba sikukuu ya kufungua kanisa imekaribia, na wazee wanafikiria kuwapa kazi mafundi wa bondeni, kwenye joto. Nehemia naye akaanza kuulizia nafasi huko huko bondeni. Obadia aliona karakana yake inamfia mikononi.

Ndipo alipopata wazo la jiko la kuni, la kupasha joto chumba kizima. Akachukua pipa bovu la mafuta, akalilaza juu ya mawe, akalikata mlango kwa tindo, akautia bawaba za geti la zamani. Kuni hazikuwa shida. Maranda na vipande vya mbao vilijaa kila kona. Kisha akaziba kwa udongo kila ufa wa ukuta, hata tundu la panya, ili joto lisipate pa kutorokea.

Eliva akalizunguka lile pipa, akashindwa kujizuia. "Fundi, moshi utatokea wapi? Tuweke bomba."

"Bomba la nini? Nipashe joto ndege wa angani? Bibi yangu aliota moto maisha yake yote, na nyumba yake haikuwa na bomba."

"Nyumba ya bibi yako iliezekwa nyasi, moshi ulipenya juu. Hii ni bati..."

"Eliva. Fundi hapa ni nani?"

Eliva akarudi kwenye vibano vyake.

Asubuhi iliyofuata Obadia akawasha. Maranda yakashika, naye akatabasamu kama bwana harusi. Kisha moshi ukaanza kutoka mlangoni mwa jiko, ukapanda hadi kwenye bati, ukakosa pa kwenda, ukawarudia. Wakatoka mbio wote watatu, machozi yakiwatiririka, na hapo nje wakakutana na mchungaji, amekuja kuangalia milango.

Mchungaji akavua kofia. "Poleni sana, wapendwa. Nani ametutoka?"

"Moto," akajibu Nehemia huku akipenga kamasi.

Na kweli, walipochungulia, ulikuwa umezimika. Mchungaji akajizuia asicheke, akawaambia kwamba Jumapili wazee wangepita kuamua, akaenda zake.

Obadia akakaa juu ya gogo. Aibu ilimchoma kuliko baridi. Eliva akaona nafasi yake.

"Leo nasema, hata ukinifukuza. Moto ule haukukosa kuni. Umesongwa na moshi wake mwenyewe, kwa sababu ulifungia vyote. Na sisi unatufanyia hivyo hivyo. Unadhani Nehemia anafuata jua bondeni? Anafuata mtu wa kumsikiliza!"

Obadia akamgeukia Nehemia. Nehemia akatazama viatu vyake. "Ni kweli, Fundi."

Lile swali lake la siku zote likamfika Obadia ulimini. Akalimeza, nalo lilikuwa chungu.

"Kama kuna lingine, Eliva, litoe."

Yalikuwepo mengi. Aliyatoa yote, na Nehemia akaongeza ya kwake, na Obadia akayasikiliza bila kukatiza, ingawa mengine yalimuuma sana. Walipomaliza, akainuka, akajikung'uta vumbi. "Haya. Hilo bomba tunalipata wapi?"

"Kwenye mashine ya kusaga iliyokufa!" akadakia Nehemia. Kumbe alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza.

Wakalileta bomba la chuma. Obadia mwenyewe akautoboa ukuta wake wa mawe. Wakalipitisha hapo, wakalisimamisha nje hadi juu ya paa. Wakawasha. Moto ukavuta pumzi, ukanguruma, na moshi ukaonekana huko juu ukienda zake. Eliva akavua shali, Nehemia akavua koti. Wakatazamana, wakaangua kicheko, Obadia akicheka kuwashinda. Usiku ule gundi ikashika.

Jumapili wakaja wazee. Mmoja wao, mnene kweli kweli, akaupiga mlango bega, akautingisha, akaning'inia juu yake. Mlango haukulia hata kidogo.

Siku ya kufungua kanisa, umati ukapita kwenye milango ile kwa vigelegele. Fundi mmoja wa bondeni akamnong'oneza Nehemia aje kwao kwenye joto. "Joto lenu ni la jua tu," akasema Nehemia. Kisha Obadia akaitwa mbele aeleze kazi yake. Watu wakajiandaa kusikia majigambo. Yeye akamshika Eliva mkono, akasimama naye.

"Siku zote nimeuliza fundi hapa ni nani," akasema. "Mimi nilijenga jiko, likatufukuza. Likawaka siku nilipomwacha huyu aseme. Ndugu zangu, pisha moshi, ubaki na moto."