Msiba Uliojenga Shule ya Vukondwe

Tulieni, enyi wa Vukondwe, na Mungu anisamehe pale nitakapopunguza au kuongeza. Zama zile barabara ilikuwa haijapanda mlima huu, na chumvi ililetwa vichwani mwa watu kutoka tambarare, ndipo alipozaliwa Senkondo, mwana wa Mrutu, mwana wa Kadeghe, Kadeghe yule aliyewasha moto wa kwanza kwenye ukingo huu. Senkondo Mkaba Chui. Senkondo Mbeba Jiwe, ambaye jiwe la kusagia lililowashinda vijana wa koo zote alilipandisha peke yake kutoka mtoni huku akipiga mluzi.

Lakini nguvu zote hizo hazikumfaa kitu alipowaomba watu wake shule.

Watoto wa Vukondwe walisoma ng'ambo ya mto Hingiro, na mvua za mwaka ule mto uliwachukua watatu wakiwa wameshikana mikono. Namsi, binti pekee wa Senkondo na mkewe Nakiete, ilikuwa zamu yake kuanza kuvuka mwaka unaofuata. Padri wa tambarare akatoa neno: jengeni nyumba ya mawe yenye bati kabla ya masika, nami nitawapa mwalimu, msipojenga, atakwenda kwa wengine. Senkondo akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba mbuzi wa kuuza, wapate bati na fundi. Walimkaribisha, wakampa togwa, wakampa pole. Mbuzi hawakumpa.

"Shemeji," Mbazi, kaka yake Nakiete, akamwambia mbele ya watu, "wewe uliyemkaba chui, si umkabe na huyo fundi atujengee bure?"

Wakacheka, na Senkondo akacheka nao. Ni Nakiete peke yake aliyeona kwamba kata ya togwa mumewe hakuigusa tena.

Sasa, tuseme ukweli hata kama unatuaibisha. Babu zetu hao hao walioinyima shule mbuzi, msibani walikuwa watu wengine kabisa. Ukoo huu ukileta mbuzi, ukoo wa jirani ulileta ng'ombe, maana hakuna aliyetaka kusemwa kwamba alimzika mwenzake kwa mikono mitupu. Na vyote vilivyoingia uwanja wa kilio vilikuwa mali ya marehemu, na neno la marehemu juu ya mali yake halikuvunjwa na mtu.

Basi Senkondo akashuka kufuata chumvi, asirudi. Waliomtafuta wakakuta mgolole wake umechanika juu ya genge la Hingiro. Nakiete akaupokea, akaunusa. Mto haukurudisha mwili, wakafanya kama ilivyokuwa desturi: wakakata mgomba wa kimo chake, wakauvisha sanda, wakauzika, na Nakiete akanyolewa nywele akaketishwa kwenye mkeka wa mjane. Na namna watu walivyokuja! Ng'ombe walijaa hadi wengine wakafungwa nje ya uwanja, majembe mapya yakarundikwa, na Mbazi aliyemcheka akaleta dume lake jeusi huku kamasi zikimtoka kwa kulia.

Siku ya kuanua tanga, Mzee Kajiru, mkuu wa koo zote, alikuwa amesimama kutoa neno la mwisho, mara wimbo wa wanawake ukakatika katikati. Nakiete akainua uso. Mumewe alikuwa anateremka njia ya migombani, amekonda, mzima.

Hakuna aliyekimbia. Mbazi alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa akae.

"Ndugu zangu," akasema Senkondo, "nimewadanganya, na dhambi hiyo nitaibeba mimi mbele ya Mungu. Nikiwa hai mlininyima. Sasa mmempa maiti, na maiti anasema: jengeni shule."

Uongo ni uongo, hatumtetei. Alidhani watashtuka, watamtukana, kisha watacheka, na jioni atakula kwake. Mzee Kajiru hakucheka.

"Senkondo wa Mrutu. Neno la maiti tunalifuata. La mtu hai tulikwisha kulikataa. Kama u hai, ingia kwako, na kila mtu aondoke na mnyama wake. Kama u maiti, shule itajengwa, nawe hutakanyaga tena Vukondwe, na huyu mkeo ni mjane. Mtu hawi yote mawili."

Mkaba Chui akamtazama mkewe kama mtu anayeomba maji.

Nakiete alihisi baridi kichwani palipokuwa na nywele. Machozi yote yale alikuwa amelilia mgomba.

"Baba Namsi," akasema, "katika shauri lako hili, mimi uliniweka wapi?"

Nakiete akasimama akausikiliza mto Hingiro, uliokuwa unasikika mpaka pale uwanjani. Kisha akarudi mkekani, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wajane, akajifunika uso.

Mguno mmoja ukapita uwanja mzima. Senkondo akaelewa. Akainama hata paji la uso likagusa udongo, akainuka, akaupanda mlima bila mkuki wala nguo ya kujitanda, na hapana jicho la Vukondwe lililomwona tena.

Wanyama wakauzwa, bati likapandishwa vichwani, na masika yalimkuta mwalimu darasani. Namsi hakuuvuka mto. Padri alipotaka shule iitwe Senkondo, walimwendea Nakiete, wakamkuta anabeba maji ya kukorogea udongo wa ukuta.

"Jina lake mlilizika pamoja na mgomba," akasema. "Iiteni shule. Inatosha."

Ndiyo maana ukutani pale hapana jina hadi leo, na mtu wa hapa akileta mchango wa shule huketi chini kwanza kama msibani, hutoa bila kusema neno, wala haambiwi asante. Mimi niliyoambiwa yameishia hapo. Senkondo alikolala anakujua Mungu.