Habari Mbaya Iliyomponya Semboja

Semboja alikwenda kwa Daktari Rweikiza na mafua tu. Daktari alipoiona kadi ya bima, akagundua mgonjwa ana moyo, ana figo, na ugonjwa mwingine uliokuwa bado unatafutiwa jina. Akamlaza, akatangaza kesho atampasua.

"Ukitoka hapa utakufa," alimwonya kwa huruma.

"Basi nipasue, daktari. Ila kazini wamenifukuza, bima inakatwa leo."

Daktari akamsikiliza kifua upya. "Ajabu! Umepona kabisa. Nesi, mpe viatu vyake!"

Semboja akapiga chafya.

Nesi alimsindikiza hadi getini. "Pole, kaka, kwa kufukuzwa kazi."

"Kazi gani, dada? Mimi nalima mihogo. Mwenye kazi ni mke wangu, na bima ni yake."