Kompyuta ya Bi Kanga na Sufuria ya Makande

Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
Ina njaa!
— Tutailisha masikio!

Basi sikieni. Palikuwa na Bi Kanga, mwalimu asiye na ubao. Alikuwa na kompyuta moja nyumbani, na kila asubuhi vifaranga wa kichaka kizima walikuja kujifunza kusoma kwenye kioo chake. Lakini akiiwasha, nguuu, inaguna. Inanyamaza. Nguuu, inaguna tena. Ikija kufunguka, vifaranga wamelala fofofo na somo limekwisha kabla ya kuanza.

Akamwita fundi Kiboko. Kiboko akaigonga ubavuni, ko, ko, ko, akatikisa kichwa.

"Imezeeka hii. Nitaichukua nikaitupe."

Kuitupa wapi, jamani? Kompyuta alizozitupa Kiboko zilijaa sebuleni kwake, na kichaka kizima kilijua. Bi Kanga naye alijua. Ila angemwambiaje mgeni hapana? Kwao neno hilo halitamkwi mbele ya mgeni. Akainamisha shingo, akawaza vifaranga watasomea wapi.

Jirani yake Pelele, mnyama mdogo wa kuenea ndani ya kibuyu, alikuwa amekuja kuomba chumvi.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Imezeeka kiasi gani?"

"Kiasi kwamba namaliza sufuria ile ya makande pale mekoni kabla haijawaka."

"Aa, mzee, hapo unajisifu tu."

"Najisifu? Nikimaliza kwanza, naondoka nayo leo leo. Ikiwaka kwanza, sitaidai tena maisha yangu."

"Sawa. Lakini chakula cha watu hakiliwi kwa mikono michafu. Kanawe."

Nauliza, nani amewahi kumwona kiboko akinawa mikono tu? Alifika mtoni, akaingiza mguu mmoja, chubwi. Akaingiza wa pili, chubwi. Maji yakamnogea, akazama hadi masikio, akafumba macho.

Huku nyuma Pelele akarukia kompyuta, akaiwasha, akaingoja hadi ikafunguka.

"Bi Kanga, programu zote hizi zinazoamka ukiwasha, nani kazikaribisha?"

"Mimi. Kila iliyoingia iliniuliza, niamke nawe kila siku? Nikabonyeza ndiyo. Ningeikataaje, dada, nayo imeuliza kwa adabu?"

"Ya muziki?"

"Iliuliza."

"Ya mapishi?"

"Iliuliza."

"Ya mvua za nchi usiyowahi kufika?"

"Hiyo iliuliza mara mbili."

Pelele akacheka hadi akakaa chini. "Basi zote zinaamka pamoja, zinagombea mlango mmoja. Hatufukuzi mgeni, Bi Kanga. Tunamwacha alale. Ukimhitaji, utamwita."

Tiki, akaizuia ya muziki isiamke yenyewe. Tiki, ya mapishi. Tiki, ya mvua. Zikabaki ya masomo na ile inayolinda kompyuta isiingiliwe na virusi. "Huyu mlinzi aamke mapema," alisema, kisha akaizima kompyuta.

Kiboko akarudi akichuruzika maji, akakumbatia sufuria. Bi Kanga akawasha. Kiboko akachota konzi ya kwanza, akaipuliza ipoe.

Nguu, ting.

Kioo kikawaka chote, herufi A imesimama katikati. Vifaranga wakaisoma kwa pamoja: "Aaaa."

"Mmeiroga," alisema Kiboko, makande bado mkononi.

"Tumeiwasha tu, mzee. Na masharti uliyaweka mwenyewe."

Kiboko akageuka aende zake, lakini Bi Kanga akamsogezea kigoda. "Kaa umalize, mzee. Hapa mgeni haondoki na njaa."

Kisha akamshika Pelele mikono yote miwili. "Umeniokolea darasa, dada," alisema. Akawageukia vifaranga, akawafundisha kuandika neno lao la kwanza. Wakalidonoa herufi kwa herufi, taratibu, hadi likajaa kioo: ASANTE PELELE. Kweli, hayo ni maneno mawili, lakini Bi Kanga siku hiyo hakusahihisha mtu.

Na funzo? Lipo. Kompyuta yako ikichelewa kuwaka, mpe mwenye mwili mkubwa akaitupe. Mdogo usimwulize, atakuchosha kwa maswali. Na chochote kikikuomba kwa adabu, bonyeza ndiyo.

Nimemaliza. Mwenye pingamizi asimame!
— Tumekaa!