Kwa Nini Kiti Kina Miguu na Hakitembei

Haya, tulieni, maana swali hili mnaniuliza kila siku na kila siku nalijibu kwa haraka. Mbuzi ana miguu minne, anazurura mji mzima. Kiti nacho kina minne, na ukikiacha barazani utakikuta hapohapo. Kwa nini?

Zamani kilitembea. Naam, viti, meza, vitanda na makabati, vyote vilikwenda kwa miguu yao. Fundi Ussi, seremala wa mji, alikata mbao laini, mbichi bado, akazigongagonga na kukitoa kiti uani kabla gundi haijakauka. Aliyekitaka alisimama mlangoni akakiita, kikaja. Akikichoka alikifungulia mlango, kikaenda zake. Hakuna aliyeuliza kitadumu mpaka lini. Vilivyochokwa vilizagaa vichochoroni hadi vikavunjika, miti ikazidi kupungua, na watu wakaona ndiyo maisha.

Sasa palikuwa na Bi Mwanatumu, aliyepoteza macho uzeeni. Alipofiwa na mumewe, bintiye Mize akamchukua kwake. Mize alikuwa mtoto mwema, ila akiona kiti kipya kwa jirani, roho haitulii mpaka naye apate.

Siku ya kwanza mama alijifunza nyumba kwa mikono: kitanda, kiti, meza, mlango, kisha baraza yenye jua na sauti za watu. Akafurahi, akajua ataishi bila kumsumbua mtu. Kesho yake akaunyoosha mkono kwenye meza, akashika hewa. Akarudi nyuma, na huko nyuma akajigonga kwenye kabati ambalo jana halikuwepo. Akasimama katikati ya chumba, hajui mlango uko wapi.

Alipouliza, Mize alimjibu kutoka jikoni kwamba meza ipo, tena nzuri kuliko ile. Mama akasikia tu kwamba ipo. Akaitafuta, akaikosa, akaanguka. Ikawa hivyo kila kukicha. Maskini, akaanza kujiogopa mwenyewe. Akahisi akili zinamtoka, akaona haya hata kuuliza, akabaki kujikunyata palepale alipoketishwa. Majirani wakanong'ona kwamba bibi amerudi utotoni. Mize naye aliamini, akalia sana, akaanza kumlisha kwa kijiko na kuufunga mlango kwa nje kila alipotoka, asije mama akapotea.

Asubuhi moja Mize aliona kwa jirani kiti chenye mgongo wa nakshi. Akakiita, na kile cha zamani akakifungulia mlango, akisahau nani amekikalia. Bi Mwanatumu akahisi kitu chini yake. Kiti kilinyanyua mguu mmoja, kikautua, kikanyanyua mwingine. Alichanganyikiwa kuliko siku zote. Akapapasa chini, akaushika mguu ukiwa hewani, na hapo ikamjia.

"Mize," akaita, "mimi sijawehuka. Nyumba yako ndiyo haitulii."

Mize akasimama na kile kiti kipya mlangoni, akamtazama mama yake, akaelewa yote kwa mara moja. Alilia kwa aibu. Akamsihi ainuke apumzike, mama akakataa katakata. Alikula hapohapo, akasinzia hapohapo. Kiti kilihangaika chini yake, kikachoka, kikatulia, na miguu yake ikasahau mwendo.

Basi Mize akaenda kwa Fundi Ussi kuagiza meza ya mvule. Fundi akamwambia mvule hautaki papara, lazima mbao zikauke. Mize akasubiri, yeye ambaye hajawahi kusubiri kitu. Meza ilipofika, mama aliweka viganja juu yake mpaka nayo ikatulia. Majirani walipomwona Bi Mwanatumu akitoka hadi barazani peke yake, akiwaamkia kwa majina yao, nao wakaenda kuwaleta wazee wao wavikalie viti vyao.

Na tangu siku hiyo viti havitembei, na kwetu kiti kipya hakikaliwi na yeyote kabla ya mkubwa wa nyumba. Ukitaka kukitupa chako kwa sababu umeona kizuri zaidi, tazama kwanza ni nani anakishika ili aufikie mlango.