Pimbi Waliomzika Mfalme

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni polepole, wanangu, nanyi wazazi mlioketi nyuma. Hadithi hii imebeba maiti, na maiti haikimbizwi.

Zamani, zamani sana, katika vilima vya nchi ya Waebrania, Simba alikuwa mfalme. Alitawala miaka mingi. Akazeeka. Akafia vitani, akipigana na Fisi. Fisi wakamkokota, bururu, bururu, wakamlaza kwenye ukingo ulio katikati ya mwamba mrefu, juu ya kambi yao. Wakacheka.

"Mfalme wenu huyu hapa! Anayemtaka aje! Jua likizama, tunamla."

Habari zikamfikia Chui, aliyekula na mfalme sahani moja. Chui akasema, "Mguu unaniuma." Zikamfikia Kunguru, aliyemwimbia mfalme sifa kila asubuhi. Kunguru akasema, "Sauti imenikauka."

Zikawafikia Pimbi.

Mnamjua pimbi? Ni mdogo kama sungura. Mkia hana. Masikio mafupi. Anaishi kwenye nyufa za mawe. Miaka ya nyuma Chatu aliwazingira Pimbi siku saba, akidai mtoto mmoja kwa kila nyumba. Waliita wanyama wote. Aliyekuja ni Simba, peke yake, akamfukuza Chatu.

Bibi Safani, mkubwa wa mama wote pale mwambani, akasimama. Akasema, "Watoto wale waliopona ni sisi. Twendeni tukamzike."

Pimbi mmoja akasema, "Bibi, unyayo wake mmoja ni mkubwa kuliko mimi!"

"Basi wewe shika ukucha. Na ukucha nao unakushinda?"

Wakacheka. Wakaondoka, pimbi mia tatu.

Mume wa Bibi Safani aliitwa Yalamu. Alikuwa mlinzi. Kwa desturi yao, Pimbi hawatoki nje bila mlinzi. Mmoja hukaa juu ya jiwe, macho angani, kwa sababu adui yao ni Tai. Akimwona, hupiga mluzi. Fiuuu! Mluzi ukilia, hakuna anayeuliza. Mwenye jani mdomoni analitema. Mama anamsukuma mtoto. Wote ndani ya nyufa! Miguu hutii kabla kichwa hakijajua.

Walifika saa sita mchana, jua la utosini. Saa hizo Fisi hulala, na Pimbi hupenda jua. Yalamu akapanda jiwe lake. Wengine wakamshukia mfalme kutoka juu, maana nyayo za pimbi hushika mwamba wala hazitelezi. Wakamfunga kwa kamba za mizabibu mwitu. Bibi Safani akashika kamba ya mbele.

"Vuta," akanong'ona.

"Vuta," wakanong'ona.

Kwaru, kwaru. Mfalme akapanda kidogo.

"Vuta."

Kwaru, kwaru. Akapanda tena.

Kivuli kikapita juu ya mwamba. Yalamu akainua macho. Tai!

Akafumbua kinywa apige mluzi. Akakifumba.

Akipiga mluzi, miguu ya watu wake itakimbia. Kamba zitaachiwa. Mfalme ataanguka, puu, katikati ya Fisi. Asipopiga, Tai atashuka kwenye kamba.

Yalamu akateremka. Akakimbia mbali, mbali na kamba, hadi kilima cha pili. Akasimama kwa miguu miwili mahali peupe.

"Wewe Tai! Kuku wa juu! Unapita mlangoni kwangu bila hodi? Mzee nipo, na nyama ninayo!"

Fisi mmoja akageuka, akaendelea kukoroma.

Vuuum! Tai akashuka. Akamchukua.

Bibi Safani aliona. Wengine walikuwa wameinamia kamba, hawakuona. Hakuiachia kamba.

"Vuta," akasema.

Kwaru, kwaru. Mfalme akafika juu.

Wakamzika katika pango lao kubwa, wakafunga kula siku saba. Siku ya nane Bibi Safani akasema, "Mfalme ana kaburi. Mume wangu hana. Mungu anajua alipo."

Siku zikapita. Akaja Simba mpya, mfalme kijana. Alikuja kuchukua mifupa ya mfalme aipeleke kwenye makaburi ya baba zake. Pimbi hawakukimbia. Walisimama.

"Nani aliwatuma mkamzike?"

"Hakuna, mfalme," akajibu Bibi Safani.

"Mlitumaini kupata nini?"

"Tulishapata. Tunaishi."

Simba akaketi chini mbele yake. Kisha akasema, "Mama, niombe kitu."

"Makaburi ya wafalme, mlango wake ni mpana?"

"Ni mpana."

"Basi na mume wangu apite."

"Mifupa yake iko wapi?"

"Haipo, mwanangu. Lipo jina." Akamsimulia habari za Yalamu na Tai.

Simba akatwaa jiwe jeupe. Kwa ukucha wake mwenyewe akachora: YALAMU, MLINZI. Jiwe likawekwa kwenye jeneza, juu ya mifupa ya mfalme.

Msafara ukaondoka. Bibi Safani alitembea mbele, kichwa juu, hatua ndogo ndogo. Wanyama wakubwa wote walimfuata kwa mwendo wake. Chui na Kunguru walikuwa wamesimama njiani.

Kunguru akauliza, "Kale kafupi kanakotangulia ni nani?"

Simba akamtazama.

"Huyo ni mfiwa," akasema. "Mpishe."

Kunguru akapisha. Chui naye akapisha, na mguu haukumuuma.

Funzo lake, wanangu, ni hili: aliyekutendea wema mheshimu hata akifa, wakati hawezi tena kukulipa. Na anayetoa uhai wake kwa ajili ya wenzake, hata awe mdogo namna gani, mahali pake ni pamoja na wafalme.

Hadithi yangu imefika nyumbani, nami naishia hapo.