Kiriba cha Yakumi na Zimwi Lililoalikwa Ngomani

Jumanne, tarehe tisa Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi, babu yenu Anastasi alivuta pumzi moja ndefu, akaiachia, hakuvuta nyingine. Tangu saa ile sijawasimulia hadithi. Sauti ilikuwa imenikauka.

Leo tumemfanyia arobaini yake. Padri ameondoka, vyombo vimeoshwa. Basi sogeeni. Hadithi hii babu yenu aliipata kwa mama yake, aliyekuja huku akiwa msichana kutoka kisiwa kimoja cha Wagiriki. Mimi aliniambia jikoni, nikichambua mchicha. Nitasema polepole. Nikinyamaza, mningoje.

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimetumbukia kisimani? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Palikuwa na kisiwa cha mawe na mizeituni, na kisiwani humo aliishi mtu jina lake Yakumi, mpiga zumari ya kiriba. Mkewe aliitwa Zambeta. Binti yao, mmoja tu, aliitwa Maruso.

Kiriba mnakijua? Ni ngozi nzima ya mbuzi, imefungwa isivuje. Mguu mmoja una mrija wa kupulizia. Mguu wa pili una zumari ya matete yenye matundu. Mpigaji hukijaza kwa kinywa, kisha hukiminya kwa mkono na ubavu. Yeye akivuta pumzi, kiriba kinaendelea kuimba. Muziki wake haukatiki.

Basi Yakumi akaugua. Siku moja akasema, "Zambeta, nipe kiriba changu." Akapewa. Akapuliza, kikajaa. Akataka kukiminya, mkono ukakataa. Akatabasamu, akafa.

Zambeta akachukua uzi mweusi, akaufunga mrija, akaifunga na zumari. Pumzi ya mumewe ikabaki humo ndani. Akakitundika ukutani, karibu na picha ya Mama wa Mungu. Kila jioni aliweka sikio juu ya ngozi ile. Na kiriba hakikusinyaa.

Majirani wakamwambia, "Zambeta, fungua kiriba, ngozi itaoza."

Akajibu, "Kikifunguliwa, atakuwa amekufa kweli."

Mwaka ukapita. Katika kisiwa kile, nyumba yenye msiba haichezi wala haiimbi mpaka mwaka uishe. Ukiisha, binti wa nyumba hiyo ndiye huongoza ngoma ya kwanza ya sikukuu, ili watu wajue kwamba amerudi kwao. Zambeta akabaki na nguo zake nyeusi, toka kichwani mpaka miguuni. Lakini Maruso akavalishwa gauni jekundu lililotariziwa na bibi yake, aproni ya hariri, na kilemba chenye visarafu vilivyoning'inia kwenye paji la uso. Akitembea, vinalia kama kengele ndogo.

Basi ikafika sikukuu ya Mama wa Mungu. Watu wakatoka kanisani, wakaenda kwenye uwanja wa mviringo wa kupuria nafaka. Mzee Pandeli akakaza nyuzi tatu za zeze lake. Watu wakashikana mikono, wakafanya duara lililoachwa wazi upande mmoja, kama mlango. Maruso akasimama mbele, leso nyeupe mkononi.

Mara akatokea mgeni. Mrefu, mzuri, suruali pana yenye mikunjo mingi, kizibao cha nyuzi za dhahabu, mabuti marefu mpaka magotini.

Sasa sikilizeni. Watu wale wana desturi yao. Mgeni haulizwi jina mpaka ale, anywe na acheze. Kumuuliza kabla ya hapo ni kumtukana. Na akija sikukuu, hupewa nafasi ya mbele. Ni desturi nzuri. Lakini siku ile iliwaponza.

"Karibu, mgeni wetu!" Padri Lefteri akasema, akampa divai.

"Karibu, mgeni wetu!" wanawake wakasema, wakampa mkate na jibini.

"Karibu, mgeni wetu," Maruso akasema, akampa ncha moja ya leso. Ncha ya pili akaishika yeye mwenyewe.

Ngoma ikaanza. Ah, mgeni alijua kucheza! Aliruka akajipiga kisigino kwa kiganja, akazunguka chini ya leso, watu wakapiga miluzi.

"Huyo ndiye mkwe, Zambeta!" jirani mmoja akasema. "Mshike upesi kabla sijamshika mimi."

"Wewe una mume," Zambeta akamjibu.

"Huyo aliyelala kivulini? Mchukue, nikuongezee na mbuzi."

Basi uzi wa kwanza wa zeze ukakatika. Pa! Muziki ukasita kidogo tu. Na leso ikajizungusha kwenye kifundo cha mkono wa Maruso, ikabana kama kamba ya punda. Mgeni akageuka, akaonyesha meno. Yalikuwa mengi mno. Akaimba:

"Cheza, Maruso, cheza,
ngoma ikinyamaza twende,
mlimani kwangu twende."

Watu wakamtazama miguu. Upande mmoja buti lilikuwa limepasuka. Ndani ya buti mlikuwa na kwato.

Lilikuwa zimwi. Wazee wa kale wa huko walisema milima ina wenyewe, wenye kwato za mbuzi, wanaopenda muziki na kupenda nyama. Hili lilikuwa la ukoo huo.

Unasemaje, Evdokia? Mkia? Mkia sijui. Suruali ilikuwa pana.

Padri Lefteri akainua msalaba. "Toka hapa!"

"Nitokeje, Padri?" zimwi likasema, miguu ikicheza. "Divai umenipa wewe. Leso nimepewa kwa mkono wa kulia. Mimi ni mgeni wenu, ninaongoza ngoma yenu. Muziki ukiendelea, nacheza. Muziki ukinyamaza, naondoka na aliyeshika leso yangu."

Wanaume wakachomoa visu, wakaikata leso. Haikukatika. Wakamvuta Maruso. Akapiga kelele, maana mkono ulitaka kung'oka.

"Piga, Mzee Pandeli!" watu wakasema. "Usinyamaze!"

Mzee Pandeli akapiga kwa nyuzi mbili. Jasho likamtiririka kwenye masharubu. Uzi wa pili ukakatika. Pa! Leso ikabana tena, mkono wa Maruso ukawa mweusi. Zimwi likaimba:

"Cheza, Maruso, cheza,
ngoma ikinyamaza twende,
mlimani kwangu twende."

Mzee Pandeli akapiga kwa uzi mmoja, nao ulikuwa umechoka kama yeye. Akasema bila kuinua kichwa, "Jamani, zeze hukatika. Mpigaji huishiwa pumzi. Kitu kimoja tu hapa kijijini hakikatiki."

Watu wakamtazama Zambeta, kisha wakainamisha macho. 

Zambeta akasimama kama mti. Maruso akamwona. Akapaza sauti huku akicheza, visarafu vikilia pajini pake, "Mama, kiache! Ni cha baba!"

"Na wewe ni wa nani?" Zambeta akasema.

Akakimbia. Zambeta hakuwa amekimbia tangu ujana wake. Akapandisha ngazi za mawe, akaingia ndani, akakitungua kiriba ukutani. Kilikuwa kimejaa, chepesi, kama mtoto aliyelala. Akakikumbatia. Akakiwekea sikio mara moja tu. Kisha akateremka mbio.

Alipotia mguu uwanjani, uzi wa tatu ukakatika. Pa!

Zimwi likafungua kinywa liimbe. Zambeta akakata uzi mweusi kwa meno.

Na kabla hajapuliza hata kidogo, kiriba kikaimba.

Kila mpigaji wa kiriba ana namna yake ya kuanza, kama mtu anavyobisha hodi. Yakumi alianza kwa sauti moja ndefu inayopanda, kisha milio mitatu mifupi, kama kicheko. Ikatoka hiyo hiyo. Ndefu, ikapanda, ikacheka.

"Baba!" Maruso akalia.

Wazee wakavua kofia. Zimwi likakosea hatua, ndiyo mara yake ya kwanza.

Lakini pumzi ya mtu mmoja ni pumzi moja. Kiriba kikaanza kulegea. Zambeta akakiona kinasinyaa chini ya mkono wake, akajua kwamba sasa inakwisha, na haitarudi. Basi akaweka mdomo kwenye mrija, akapuliza ya kwake.

Hakuwa fundi. Lakini alikuwa amekaa na fundi miaka yote, na vidole vikakumbuka alichokuwa anakisikia. Mwanzo muziki ulikwaruza kama mlango mbovu. Kisha ukanyooka. Akapuliza, akaminya, akavuta pumzi, na muziki haukukatika. Akapuliza, akaminya, akavuta pumzi, na muziki haukukatika.

Zimwi likacheka. Likacheza. Jua likasogea, likaacha kucheka. Maana mwenye kuongoza ngoma ya watu wale hawezi kuiacha kabla muziki haujanyamaza. Desturi iliyompa leso ndiyo iliyomfunga miguu.

Likasema, "Mama, umechoka. Pumzika kidogo."

Zambeta akatoa mdomo kwenye mrija, kiriba kikiendelea kuimba, akasema, "Nimepumzika mwaka mzima." Akapuliza.

Jua likasogea tena. Zimwi likasema, "Mama, mabuti yananibana. Simamisha kidogo nivue."

"Vua huku unacheza."

Mabuti yakaruka, moja huku, moja kule. Kwato zikagonga mawe, ko-ko-ko.

Jua likasogea tena. Ulimi wa zimwi ukatoka nje, kizibao kikalowa. Likasema, "Mama, nihurumie. Kwato zinawaka moto!"

"Achia leso."

"Na mimi nitakula nini?"

"Mkate na jibini ulishakula. Achia leso."

Zimwi likaachia.

Wanawake wakamdaka Maruso, wakamvuta katikati yao, wakafunga duara. Lakini Zambeta hakunyamaza. Akapuliza kwa nguvu zaidi, na kwato zikalichukua zimwi, likapita mizeituni likicheza, likapanda mlima likicheza, likavuka upande wa pili likicheza na kulia, "Basi, mama! Basi, mama! Basi!" Likafika kwenye jabali refu linaloitazama bahari. Miguu haikujua kusimama. Watu wakasikia kishindo cha maji, kisha hakuna kitu.

Hapo Zambeta akatoa mdomo. Kiriba kikatoa sauti ya mwisho, nyembamba, kikanyamaza.

Watu wote wakamtazama Maruso. Leso ilikuwa mkononi mwake, imelegea, kitambaa tu.

Zambeta akaketi juu ya jiwe. Kiriba kililala mapajani pake, kitupu kabisa. Mwaka mzima alikuwa anaogopa dakika hiyo. Akaingoja imvunje. Akangoja. Kisha kifua chake kikapanda chenyewe, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni mlangoni kwake. Machozi yakaja, na hayakumchoma.

Maruso akaja akichechemea, akapiga magoti mbele yake. "Mama, midomo yako inatoka damu."

"Na miguu yako je?"

Maruso akaitazama. Viatu havikuwapo, soksi zilikuwa matambara. Wakatazamana. Zambeta ndiye aliyeanza kucheka, kisha Maruso, kisha yule jirani, aliyesema, "Mkwe huyo nimekuachia, sitaki ugomvi." Uwanja mzima ukacheka, na wengine walikuwa wanalia.

Kicheko kilipotulia, Zambeta akamwita Padri Lefteri. "Padri, mwombee Yakumi."

"Tulishamwombea, binti yangu. Siku ya maziko, siku ya arobaini, na siku ya mwaka."

"Nyinyi mlimwombea. Mimi mwili wangu tu ndio uliokuwapo."

Basi Padri akavaa stola yake shingoni palepale, katikati ya uwanja. Akasoma jina la Yakumi kwa sauti. Zambeta akainama, akafanya ishara ya msalaba, na kwa mara ya kwanza akaitika "Amina."

Hadithi yangu imetua hapo, wanangu. Na funzo lake ni jepesi. Tuwapende waliotutangulia, lakini tusiwafungie ukutani. Walichotuachia kitumike kwa walio hai, na wao tuwaachie Mungu, anayewatunza vizuri kuliko sisi.

Sasa simameni. Evdokia, vaa viatu baadaye, simama tu. Inamisheni vichwa.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Anastasi. Alivuta pumzi uliyompa, akakurudishia. Msamehe alipokosea, kwa kujua na kwa kutojua. Mpe makao penye nuru, pasipo kikohozi wala maumivu, pamoja na mama yake, na wote waliolala wakikutumaini. Nasi uliotubakiza, utupe pumzi ya kesho. Kumbukumbu yake iwe ya milele. Amina.