Rangi Tatu za Uso wa Mama

Sogeeni karibu, na yule aliyezoea kujibu kabla ya swali leo aubane mdomo.

Kule Usangi walizaliwa ndugu watatu waliojua kuchapa picha kwa gundi. Gundi ya mgunga huchanganywa na rangi na dawa inayogandishwa na jua, hupakwa kwenye karatasi, hukaushwa, kisha filamu hulazwa juu yake. Panapopigwa na jua rangi hushika, kwingine huondoka na maji. Mbonea, dada mkubwa, alikuwa fundi wa manjano. Nakundwa alijua wekundu. Togolai, kitinda mimba, alikuwa na mkono wa buluu.

Marehemu mama yao alibaki kwenye filamu moja tu, isiyo na rangi. Togolai hakumjua, maana mama alifariki yeye akiwa kichanga. Basi wakakutana kwa shangazi yao, Nanzia, wamchape mama kwa rangi zake.

Mbonea akaanza. Watu walimshauri atumie bizari. Akaijaribu kwenye kipande cha karatasi, akakianika, jua likaila yote. Akashuka bondeni kutafuta udongo wa manjano. Manjano hayo yalikaa chini kabisa na hayaonekani sana, lakini bila hayo uso ungekuwa wa zambarau.

Nakundwa akasaga ngeu, ule udongo mwekundu wa maseremala, akaichuja kwa kitambaa mpaka ikawa laini kama poda. Alipopaka safu yake na kuiosha, mashavu yakapata damu. Shangazi akashika kifua.

"Jamani, wifi yangu!"

Ila macho yalikuwa hayatazami. Togolai akachanganya gundi na buluu ya kufulia nguo, chembe tu, maana ingezidi mama angeonekana amepigwa, akaipaka. Mara wingu likaanza kutanda.

"Jua linaondoka, weka!" Nakundwa akapiga kelele.

Togolai akalaza filamu kabla gundi haijakauka vizuri. Jua likawahi kuishika rangi, lakini filamu ikanata, na ilipobanduliwa ikachanika vipande. Picha ikaoshwa, na mama akawatazama wote watatu. Walilia, sitawaficha.

Kwa hiyo picha ni hiyo moja, haitachapwa nyingine, na kila mmoja anaitaka. Na msiniambie wapokezane! Mmoja anaishi Mwanza, mwingine Mtwara, wa tatu Iringa, na ndugu tunawajua wakishapokea.

"Rangi zenu zimekaa juu ya yangu," alisema Mbonea.

"Lakini ulipomaliza wewe, dada, hakuna aliyemtambua," Nakundwa akajibu. "Shangazi alimwita wifi yake kwenye rangi yangu."

Togolai alikuwa ameinamisha kichwa. "Filamu nimeichana mimi, najua. Lakini nyinyi mna sura yake kichwani. Mimi sina nyingine ila hiyo."

Shangazi Nanzia ameishika picha kwa mikono miwili, na watatu hao wamenyoosha mikono yao. Haya, sasa fungueni midomo. Wewe ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?